Kurekebisha CV kwa kila kazi unayoomba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapoomba wasomewe CV zao kabla ya kuzituma. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Kurekebisha CV maana yake nini hasa?

Ni kuamua, kwa kila tangazo, mambo gani ya kweli kuhusu wewe yaonekane kwanza. Historia yako ya kazi inabaki ileile. Kinachobadilika ni mpangilio, urefu wa kila kipengele na maneno unayoyatumia. Chukua karani aliyekaa ofisi moja miaka sita: amepokea wageni, ametunza mafaili, ameandaa mishahara, amekaimu nafasi ya bosi wake akiwa likizo. Akiomba kazi ya mapokezi, wageni wanakuja mbele. Akiomba ya uhasibu msaidizi, mishahara inapanda juu na wageni wanabakiziwa mstari mmoja.

Wala si jambo la juzi. Katika miaka ya 1480 Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, kuomba kazi. Rasimu ya barua hiyo ipo mpaka leo. Inaanza na madaraja ya kubebeka, inaendelea na mizinga na magari ya vita, na uchoraji unatajwa karibu na mwisho. Leonardo alijua anamwandikia mtu mwenye maadui.

2. Huo si udanganyifu?

Hapana, mradi usivuke mstari, na mstari wenyewe unaonekana vizuri. Kuchagua cha kutanguliza ni haki yako. Kubadili cheo, kurefusha miezi mitatu ikawa mwaka, au kuandika shahada usiyomaliza ni uongo, na uongo wa aina hiyo hauna muda wa kuisha: mtu anaweza kufukuzwa kazi miaka kadhaa baadaye vyeti vikihakikiwa.

Swali gumu kidogo ni la vyeo. Kuna ofisi zinazompa mtu cheo kama "Ofisa Daraja la Pili", na nje ya ofisi hiyo hakuna anayejua maana yake. Acha cheo rasmi kama kilivyo, kisha weka maelezo kwenye mabano: Ofisa Daraja la Pili (mapokezi na huduma kwa wateja). Atakayepiga simu kuhakiki atakuta kilekile.

3. Naomba kazi nyingi kwa wiki. Lazima nirekebishe kila mara?

Kama kazi zote ni za aina moja, tengeneza toleo moja zuri la aina hiyo, kisha kila tangazo lipewe dakika ishirini za mwisho: muhtasari, mistari mitatu minne ya juu, na orodha ya ujuzi. Kama unaomba udereva leo na uuzaji kesho, hayo ni matoleo mawili, na moja haliwezi kufanya kazi ya jingine.

Maoni yangu: maombi matano yaliyolengwa yanashinda hamsini ya kutupia. Msomaji anaitambua haraka CV iliyotumwa kwa kila mtu, kwa kuwa haigusi hata neno moja la tangazo lake.

4. Watu wanasema niwe na "CV mama". Ni nini hiyo?

Ni faili lako la siri, lisilotumwa kwa mtu yeyote. Humo unaweka kila kitu: kila kazi, kila mafunzo ya siku mbili, kila takwimu uliyowahi kuihesabu, kila mradi wa kujitolea, na tarehe kamili za kuanza na kuacha. Likifika kurasa nane, sawa. Kurekebisha CV kunakuwa kazi ya kuchota na kupunguza. Wengi wanaolalamika kwamba kurekebisha kunachosha hawana faili hili, kwa hiyo kila mara wanaanza kukumbuka upya.

Ongeza humo kitu mara tu kinapotokea. Baada ya mwaka hutakumbuka kama mizigo ilikuwa tani ngapi.

## Kulisoma tangazo

5. Nikishaliona tangazo nianzie wapi?

Anza na kalamu, kompyuta baadaye. Lisome mara mbili. Mara ya kwanza pigia mstari kila kitendo: kusimamia, kuandaa, kufuatilia. Mara ya pili zungushia kila kitu kinachorudiwa. Neno "ripoti" likitokea kwenye majukumu, likatokea tena kwenye sifa, ujue kuna mtu pale ofisini amechoka kusubiri ripoti.

Angalia pia mpangilio. Majukumu mara nyingi huandikwa kuanzia zito kwenda jepesi, kwa hiyo mawili ya kwanza yana uzito kuliko la tisa. Sifa zilizoandikwa "lazima" zitenge na zile za "itakuwa nyongeza". Kisha pembeni ya kila sifa ya lazima andika ushahidi wako mmoja: wapi, lini, ulifanya nini. Hapo ndipo utakapojua kama una la kusema.

6. Nikikosa baadhi ya sifa, niombe au niache?

Inategemea ni sifa gani. Leseni, usajili wa taaluma au cheti kinachodaiwa kisheria havina mjadala: muuguzi asiye na usajili haokolewi na CV. Lakini "uzoefu wa miaka mitano" wakati una minne na nusu, au programu usiyoijua wakati unaijua pacha wake, hayo yanaombeka. Usiikwepe sifa unayoikosa kwa kujaza maneno ya jumla. Weka iliyo karibu nayo, na uiite kwa jina lake.

7. Tangazo lina mistari miwili tu. Nitarekebisha kwa kufuata nini?

Tafuta matangazo mengine matatu manne ya cheo hichohicho kutoka kwa waajiri wengine, uone yanakubaliana wapi. Kisha soma tovuti ya mwajiri uone anafanya shughuli gani na anajielezaje. Kama kuna namba ya kupiga, piga uulize swali moja la maana: mtu atakayeajiriwa ataanza na kazi gani? Wachache sana hufanya hivyo.

## Kuandika

8. Sehemu gani nibadilishe, gani niache?

Majina ya waajiri, tarehe, vyeti na mawasiliano haviguswi, ila hakikisha namba ya simu bado ni yako. Vinavyobadilika kila mara ni muhtasari wa juu, mistari iliyo chini ya kazi mbili za karibuni, na orodha ya ujuzi. Vinavyobadilika mara moja moja ni mpangilio wa sehemu zenyewe (elimu kabla ya uzoefu au baada yake), kazi za zamani zibaki ngapi, na wadhamini uwaweke nani. Mdhamini aliyekuona ukifundisha ana uzito kwenye kazi ya ualimu kuliko bosi wa ghala, hata kama bosi ana cheo kikubwa.

9. Nipe mfano, maana maelezo nimeyasikia sana.

Tuseme tangazo linasema: *Anatafutwa msimamizi wa ghala. Awe na uwezo wa kutunza kumbukumbu za mali kwa kompyuta, kuongoza wapakiaji na kupunguza upotevu. Uzoefu wa bidhaa zinazoharibika haraka utakuwa nyongeza.*

Mwombaji amekuwa msaidizi katika duka la dawa kwa miaka minne. CV yake ya kawaida inasema:

- Kuhudumia wateja
- Kupokea na kupanga mizigo
- Kutoa ripoti kwa meneja
- Kufanya kazi nyingine nilizopangiwa

Ukimsoma hivyo, ni muuzaji. Sasa mkalishe umuulize: mizigo ilikuja mara ngapi, nani alishusha, idadi mliandika wapi, dawa zilizopitwa na wakati zilikwenda wapi? Majibu yake yanageuka haya:

- Nilipokea mizigo mara mbili kwa wiki, nikahakiki kila boksi dhidi ya hati ya mzigo na kuingiza idadi kwenye Excel siku hiyohiyo.
- Nilisimamia vijana wawili wa kushusha na kupanga mizigo.
- Nilipanga rafu upya kwa tarehe za mwisho wa matumizi, inayokaribia kuisha ikatoka kwanza, ili dawa zisiharibikie rafuni.
- Nilitunza dawa za jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, nikirekodi joto asubuhi na jioni.
- Nilihudumia wateja na kutoa ripoti ya mwezi kwa meneja.

Hakuna kilichobuniwa. Mistari minne ya kwanza inajibu tangazo moja kwa moja, na ule wa jokofu unachukua ile "nyongeza" ambayo mwombaji mwenyewe hakuwa amefikiri kwamba anayo: dawa ni bidhaa inayoharibika. Wateja wamesogea chini lakini hawajafutwa. Kilichofutwa ni "kazi nyingine nilizopangiwa", mstari ambao hata mlinzi wa geti anaweza kuuandika.

Mtu huyohuyo akiomba kazi ya uuzaji kesho, wateja wanarudi juu na wanahitaji maelezo yao wenyewe. Jokofu linashuka.

10. Pale juu niandike "lengo langu" au muhtasari?

Muhtasari. "Lengo langu ni kupata kazi katika taasisi inayokua ili niendeleze kipaji changu" ni sentensi inayomweleza mwajiri unachotaka wewe. Yeye anatafuta mtu wa kumpunguzia mzigo. Mistari mitatu inatosha: wewe ni nani kikazi, una ushahidi gani mzito unaogusa tangazo, na kitu kimoja kinachokutofautisha.

Tahadhari moja, nayo nimeilipia mwenyewe. Usitaje jina la mwajiri ndani ya muhtasari. Niliwahi kutuma CV yenye jina la kampuni niliyoiomba wiki iliyotangulia, nikagundua nikiwa nimekwisha bonyeza "tuma". Jina la mwajiri linakaa kwenye barua.

11. Kazi yangu haina takwimu. Nifanyeje?

Kila kazi ina hesabu, ila si lazima iwe ya fedha wala asilimia. Wangapi? Mara ngapi? Kwa muda gani? Kutoka wapi hadi wapi? Mwalimu ana idadi ya wanafunzi darasani, dereva ana kilomita na miaka bila ajali, mpishi ana sahani za mchana mmoja. Usipokuwa na uhakika andika "takriban" na namba unayoweza kuitetea ukiulizwa. Namba ya kupamba ("niliongeza ufanisi kwa asilimia 40") huanguka kwa swali moja la usaili: ulipimaje?

12. Barua ya maombi irudie yaliyo kwenye CV?

Isirudie. CV inaonyesha ulichofanya. Barua inachukua kimoja au viwili kati ya hivyo na kueleza vinahusianaje na shida ya mwajiri huyu. Pia barua ndiyo mahali pa kueleza yanayohitaji sentensi kamili: kubadili fani, kuhama mji, pengo (swali la 18).

## Kompyuta na mafaili

13. Ni kweli CV husomwa na kompyuta kabla ya mtu?

Kwa waajiri wakubwa, mara nyingi inapitia programu ya kusimamia maombi. Hofu iliyoenea ni kwamba programu hiyo inatupa CV yenyewe kwa kukosa neno fulani. Kwa kawaida inazihifadhi, inazipanga, na kumwezesha afisa ajira kutafuta kwa maneno, kama unavyotafuta barua pepe ya zamani. Anayetupwa moja kwa moja mara nyingi amejibu "hapana" kwenye yale maswali ya fomu: una leseni, una ruhusa ya kufanya kazi nchini?

Kwa hiyo tumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuhusu kweli. Wakiandika "usimamizi wa mali ghalani", usiandike "stoo" peke yake. Vifupisho viandike mara moja kwa kirefu, na kifupi pembeni. Na muundo uwe mwepesi: majedwali, safu mbili, visanduku vya maandishi na namba ya simu iliyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa vinaweza kusomwa ovyo au kurukwa. Jaribio rahisi ni kunakili CV yote na kuibandika kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad. Mpangilio ukivurugika hapo, huenda programu nayo inauona vilevile.

14. Nimesikia mtu anaweza kubandika tangazo lote kwa herufi nyeupe zisizoonekana. Inasaidia?

Inakuumbua. Programu ikitoa maandishi ndani ya faili, rangi hubaki nyuma, na afisa anasoma tangazo lake mwenyewe likiwa limelala chini ya CV yako.

15. PDF au Word?

Fuata tangazo. Lisiposema, PDF iliyotengenezwa kutoka Word ni salama, kwa sababu mpangilio hauhami. Usitume picha ya CV iliyopigwa kwa simu wala iliyoskaniwa, kwa kuwa maandishi yake hayatafutiki. Jina la faili liwe na jina lako na cheo unachoomba. "CV mpya ya mwisho 3" inamwambia msomaji mengi kuliko ulivyotaka.

16. Naweza kutumia programu za akili bandia kunirekebishia?

Kwa kuulinganisha waraka wako na tangazo na kukuonyesha ulichosahau, zinafaa. Kwa kuandika kila kitu, kuwa macho. Zina tabia ya kukupa ujuzi usio nao, na ni wewe utakayeulizwa. Pia sauti yake inafanana kwa kila mtu: afisa aliyefungua CV kumi zinazoanza na "mtaalamu mwenye shauku" hana sababu ya kukumbuka ya kumi na moja. Ondoa namba za vitambulisho na mawasiliano ya wadhamini kabla ya kubandika CV yako humo.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nabadilisha fani kabisa. Uzoefu wangu haufanani na tangazo.

Vyeo havifanani, vitendo vinaweza kufanana. Rudi kwenye vile vitendo ulivyopigia mstari (swali la 5), utafute vyako kwa kila kimoja. Mwalimu anayeomba kazi ya kuratibu mradi amepanga ratiba za muhula, ameongoza vikao vya wazazi na ametunza kumbukumbu za wanafunzi. Mafunzo yoyote ya fani mpya, hata mafupi, yapande juu ya elimu ya zamani. Lakini usifute tarehe na kubakiza orodha ya ujuzi tupu. CV za namna hiyo humfanya msomaji ajiulize kinachofichwa.

18. Nina pengo la miaka miwili.

Liandike kwa mstari mmoja na tarehe zake: malezi, matibabu ya mwanafamilia, masomo, kutafuta kazi. Huhitaji kueleza ugonjwa wa nani. Kama ulifanya vibarua au kujitolea katika kipindi hicho na vinagusa tangazo, vipe nafasi yake kamili kama kazi.

19. Elimu yangu ni kubwa kuliko inayotakiwa. Nifiche shahada?

Usifiche kama fomu inauliza kiwango chako cha juu. Kwenye CV unaweza kuiweka chini, kwa mstari mmoja bila mapambo, na juu ukaweka uzoefu wa mikono. Wasiwasi wa mwajiri ni kwamba utaondoka baada ya miezi mitatu, na huo hujibiwa kwenye barua: kwa nini kazi hii, na kwa nini sasa.

20. Kampuni moja imetangaza nafasi mbili. Niombe zote?

Unaweza, kama zinakaribiana. Kumbuka tu kwamba CV zote mbili zinaweza kufunguliwa kwenye meza moja. Mkazo unaruhusiwa kutofautiana. Tarehe na vyeo havina ruhusa hiyo. Kuomba nafasi tano za idara tano kunaonyesha kwamba unatafuta mshahara tu, jambo ambalo ni kweli kwa wengi wetu, ila halisaidii kulitangaza.

21. Naomba kazi nchi nyingine. Nibadilishe nini?

Desturi. Marekani na Uingereza picha, umri na hali ya ndoa haviwekwi. Ujerumani picha bado ni kawaida kwa wengi ingawa hailazimishwi. Marekani neno CV hutumika zaidi kwa waraka mrefu wa wasomi na watafiti, na kazi za kawaida hutaka waraka mfupi wa ukurasa mmoja au miwili. Nchi za Umoja wa Ulaya zina fomu ya bure iitwayo Europass, iliyoanza mwaka 2005, lakini si kila mwajiri anaipenda, kwa hiyo itumie ikitajwa. Cheti chako kielezwe kwa kiwango kinachoeleweka kule, bila kukitafsiri kuwa kikubwa kuliko kilivyo.

22. Na lugha? Tangazo likiwa kwa Kiswahili, CV yangu iko kwa Kiingereza.

Jibu kwa lugha ya tangazo isipokuwa wameeleza vingine. Majina ya vyeti na vyuo yabaki kama yalivyochapishwa kwenye vyeti. Ukitafsiri, mpe mtu mwingine asome, maana makosa ya lugha usiyoizoea kuandika hujificha vizuri.

23. Nimeitwa kwenye usaili na sikumbuki nilituma CV ipi.

Hili hutokea kuliko watu wanavyokiri. Kila unapotuma, hifadhi folda moja yenye CV iliyotumwa, barua, na nakala ya tangazo. Tangazo ndilo linalosahaulika, nalo mara nyingi huondolewa mtandaoni siku ya mwisho ikipita. Andika tarehe kwenye jina la folda.

Kama umechelewa na folda huna, angalia kiambatisho kwenye barua pepe zilizotumwa. Ukiwa ulijaza fomu ya mtandaoni, ingia kwenye akaunti uliyofungua, maana nyingi huhifadhi faili. Zote zikishindikana, piga simu kwa aliyekuita, umwombe akutumie maelezo ya nafasi ili ujiandae. Ombi hilo ni la kawaida, na maelezo hayo yatakukumbusha ulitanguliza nini.